Ulimi wa Kuazima

Mjomba Otmari alipoteza ladha mwaka wa homa ile.
Chumvi ikawa mchanga, asali ikawa gundi,
na ulanzi, alioanza kuugema kabla hajaota ndevu,
ukawa maji yenye povu tu.

Ndiyo maana ananiita kila Novemba.
Napanda kutoka Iringa mjini hadi Dabaga
na koti, na soksi pea mbili,
kwenda kuwa ulimi wake.

Shamba lenyewe ni mistari kumi na minne ya mizabibu
juu ya bonde la njegere za watu.
Walimcheka. Zabibu ni mtoto wa jua, walisema,
mpeleke Dodoma; huku utavuna mafua.
Hakubishana. Alichimba.
Usiku wa Juni, umande ulipotaka kuganda,
alikesha akichoma mabunzi, moshi utambae chini ya majani
kama blanketi la maskini.
Dodoma walishavuna, walishauza, walishalipa ada za shule,
vichala vyake vikiwa bado vigumu kama shanga.
"Baridi haiui utamu," huniambia. "Inauchelewesha.
Na kinachochelewa hufika na akili."
Sijui.
Nimewaona wengi waliochelewa wakafika mikono mitupu.

Pipa ni la mwaloni, kuukuu,
alibadilishana na watawa kwa magunia sita ya viazi.
Akachota. Akainua bilauri dirishani:
rangi ya nyasi za paa jipya, saa moja asubuhi.

"Haya. Sema."

Tamu, nikasema.

"Tamu ni neno la mtoto. Rudi ndani."

Nikarudi. Nikafumba macho.
Kuna pera, lililoiva upande mmoja.
Kuna siagi, si ya kopo, ya kibuyu,
ile bibi aliyoitikisa hadi bega likamuuma.
Kuna mkate ulioungua kidogo pembeni.

"Huo mkate ni pipa. Linasema sana?"

Linanong'ona. Mwaka jana lilihutubia.

Akacheka mpaka akakohoa.
"Na ukali?"

Upo. Uko nyuma.
Kama mtu anayekuna ganda la limau chumba cha pili.
Kama jiwe la mtoni ulilolilamba utotoni
ukidhani hakuna anayekuona.

Akanyamaza. Mvua ilianza, ikabadili nia.
Halafu akasema, si kwangu hasa, kwa pipa:

"Ulanzi asubuhi ni mtogwa, hata mzazi hunywa.
Siku ya tatu ni mkangafu, unagombanisha ndugu.
Katikati pana saa moja. Moja tu.
Niliipata mara nne maishani, kila mara nikiwa mtini,
mbeta mkononi, na hakuna wa kumwita aonje.
Nilitaka kinywaji kitakachosimama palepale pa ile saa,
kisubiri watu wafike."

Akanigeukia. "Kimesimama?"

Nikanywa tena, safari hii si kwa ajili yake.

"Ni nzito?"

Nzito.

"Inalemea?"

Neno likanikimbia. Nikatazama nje.
Ewalda, mkewe, alikuwa akipanda kilima kutoka kisimani,
ndoo kichwani, mikono yote miwili mifukoni mwa sweta,
akigombana na mbwa.

Kama ile ndoo, nikasema.
Imejaa mpaka ukingoni. Haimwagi hata tone.

Mjomba akamtazama mkewe, akamtazama,
hadi alipofika uani na kuitua
na kuuliza kuna nini, kwani hamjawahi kuona maji?

Akaimalizia bilauri yangu, yeye asiyeonja kitu,
akaipitisha mdomoni taratibu, shavu hili, shavu lile,
akameza.

"Basi," akasema, akigonga kizibo kwa kiganja.
"Jumatatu tunapogoa. Mkasi wako uko wapi?"